Nimeitwa ng'ambo kujitolea kama mshauri wa vidakio vya maji. Mwaka mmoja unatosha kufanya nini?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34, nimesomea uhandisi wa maji na hifadhi ya udongo, na kwa miaka tisa nimefanya kazi za mabonde ya mito: kupima mtiririko, kukagua makinga maji, kukaa vikao na jumuiya za watumia maji. Shirika moja limenikubali niende kujitolea ng'ambo kwa miezi 12, niwe mshauri wa usimamizi wa vidakio vya maji katika wilaya ya milimani ambayo sijawahi kufika, na lugha yao siijui. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ninayotakiwa kufanya, zinasema mwaka ukiisha kuwe na hekta 40 za matuta, miche 50,000 iliyopandwa, vizuizi vya mawe kwenye makorongo matatu, na chemchemi mbili 'zilizofufuliwa'. Watanipa posho, nyumba na bima. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema naenda kupoteza mwaka, wengine wanasema ni bahati, nisiulize maswali mengi. Kinachoninyima usingizi mimi ni kingine: nitawashauri nini watu waliozaliwa kwenye mlima ule? Na hiyo kazi, kweli inawezekana kwa mwaka mmoja?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye jibu fupi. Kama ilivyoandikwa, haiwezekani. Matuta ya hekta 40 yanaweza kuchimbwa, na miche 50,000 inaweza kufukiwa ardhini ikapigwa picha. Chemchemi lakini haifufuki kwa tarehe ya mkataba. Aliyeandika hadidu hizo ama hajawahi kusubiri chemchemi, ama alihitaji namba za kumpelekea mfadhili. Usikate tamaa kwa hilo. Hadidu nyingi nilizowahi kushika zilikuwa na ugonjwa huohuo, na nyingi hurekebishika kabla hujasaini. Ukishasaini ndipo kazi inapokuwa nzito.

Sasa hilo linalokunyima usingizi. Mimi hunitia wasiwasi mtu anayepanda ndege na michoro tayari mkobani. Wewe unayejiuliza utawaambia nini wenyeji uko mahali pazuri pa kuanzia. Ila nadhani umechanganya mambo mawili, kuujua mlima na kujua mwendo wa maji. Mlima wao wataujua kuliko wewe hata ukikaa kule miaka kumi. Wanajua shamba lipi hutuamisha maji, na njia ipi ya mifugo iligeuka korongo, baada ya mvua ya mwaka gani. Wasichokuwa nacho, mara nyingi, ni vipimo vilivyoandikwa: siku ile ilinyesha milimita ngapi, chemchemi ilitoa lita ngapi kwa dakika mwishoni mwa kiangazi, na mwaka uliotangulia je? Bila hivyo kila kikao huishia kwa mzee mmoja kusema maji yamepungua na ofisa mmoja kusema yameongezeka, na wote wawili wakaenda nyumbani wameshinda. Mgeni mwenye daftari ana cha kuleta hapo.

Kwa faida ya wasomaji wengine, kidakio cha maji ni ardhi yote ambayo mvua yake huishia sehemu moja: chini ya daraja, kwenye mdomo wa korongo, ndani ya bwawa. Wewe hesabu inayofuata unaijua, lakini nakushauri uifanye kwa sauti mbele ya wenyeji wako wa ofisini wiki ya kwanza, maana ndiyo itakayoamua mwaka wako uende wapi.

Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Chukua korongo linalopokea maji ya hekta 50. Alasiri moja ikinyesha milimita 40, zimemwagika mita za ujazo 20,000. Theluthi moja tu ikishindwa kupenya udongoni, karibu mita za ujazo 6,700 zinateremka kwenye korongo lile, tena kwa saa moja au mbili. Sasa jenga kizuizi cha mawe chenye kimo cha mita moja, mahali korongo lina upana wa mita tatu na mteremko wa asilimia 10. Nyuma yake patakaa maji kama mita za ujazo 15. Jenga vizuizi mia moja, umepata 1,500. Na hivyo mia vikishajaa mchanga, ambavyo vitajaa, hata hizo 1,500 hazipo tena.

Vizuizi vina kazi yake. Hupunguza kasi ya maji, hushika mashapo, huzuia sakafu ya korongo isizidi kuchimbika. Kubeba mafuriko si kazi yake, na hakuna ufundi wa kupanga mawe utakaoibadilisha hesabu hiyo. Yale maji 6,700 hukamatwa yangali matone, juu kabisa, kwenye mashamba na malisho, kwa kuufunika udongo, kulima kwa kukingama na mteremko, na kuchimba mitaro inayoyasimamisha hadi yapenye. Ndiyo sababu kazi ya kidakio huanzia kileleni na kushuka. Hadidu zako zinataja makorongo matatu na hazisemi lolote kuhusu ardhi iliyo juu yake. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ningeomba ibadilishwe.

Mimi somo hili nililipia. Nilipokwenda kujitolea mara ya kwanza, katika nchi ambayo sitaitaja, nilianza na mkia wa korongo kwa sababu ulikuwa karibu na barabara na wageni wangeuona bila kushuka kwenye gari. Nilijenga vizuizi 11. Mabega ya kuta sikuyaingiza vya kutosha ndani ya kingo, na sehemu ya kati, inapopita maji, niliiacha karibu sawa na mabega. Mvua kubwa ya kwanza maji yakazunguka pembeni, yakala kingo, na korongo la upana wa mita tatu likawa na mita tano. Mwenye shamba la jirani alikuja asubuhi, akasimama ukingoni muda mrefu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama vile vigingi nilivyopigilia nitaving'oa au nitaviacha, maana ng'ombe wake hupita pale.

Basi ukifika zamu ya makorongo, na uifikie baada ya miteremko, mambo ni haya. Mabega yachimbiwe ndani ya kingo pande zote mbili. Katikati pawe chini wazi kuliko pembeni, ili maji yajue pa kupita. Chini ya maporomoko palazwe mawe, la sivyo maji yatachimba shimo na ukuta utaingia humo. Na kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu yake. Kwenye mteremko wa asilimia 10, kuta za mita moja hukaa kila baada ya mita 10. Ukiona zimepangwa kila baada ya mita 50, jua zilipangwa kwa kufuata bajeti.

Nije kwenye miche 50,000, maana hapa kuna imani iliyokita mizizi kuliko miche yenyewe: kwamba mti popote ulipo huongeza maji. Mti hunywa. Maji yanayopanda kutoka mizizini na kutoka majanini kama mvuke hayarudi kwenye chemchemi ile. Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa miongo mingi. Katika mabonde ya Jonkershoek, ambako vipimo vilianza miaka ya 1930, kupanda misonobari juu ya uoto wa asili wa vichaka kulipunguza maji ya vijito. Ndiyo maana sheria yao ya maji ya mwaka 1998 inauhesabu upandaji wa misitu ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa mito. Na tangu mwaka 1995 serikali yao imekuwa ikilipa watu kukata miti vamizi ili mito ipate nafuu. Wewe unaitwa ng'ambo kupanda, wenzako wanalipwa kukata, na wote mnasema mnaokoa maji.

Ukweli unategemea mahali. Kwenye ardhi iliyokufa, iliyogandamana hadi mvua inateleza kama juu ya bati, miti na nyasi hufungua udongo kwa mizizi na kuukinga na vishindo vya matone kwa majani yaliyodondoka. Maji yanayopenya yanaweza kuzidi yale mti unayokunywa. Kwenye ardhi ambayo tayari inapitisha maji vizuri, msitu wa miti inayokua upesi utakunywa maji mengi kuliko yale utakayoyapenyeza. Kwa hiyo kabla hujapokea hata kiriba kimoja cha miche, uliza: miti gani, ipandwe wapi, na ikikua itakuwa ya nani? Wakikujibu ni mikaratusi kuzunguka chemchemi kwa sababu kitalu kina mikaratusi, kataa kwa adabu na uandike kwamba umekataa. Omba pia namba 50,000 igeuzwe kuwa idadi ya miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Watashtuka, kwa sababu kiangazi cha pili wewe hutakuwepo. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza: nani atakuwepo?

Kuna jambo jingine nataka ulibebe, na kwa bahati njema limo katika lugha yetu. Fungua miongozo ya hifadhi ya udongo ya Kiingereza, utakuta neno *fanya juu* limeandikwa hivyohivyo. Ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, unaofuata kontua (mstari wa mahali penye kimo sawa mlimani), udongo wake ukitupwa upande wa juu ukawa tuta. Mvua na jembe huendelea kusogeza udongo hadi tutani, na baada ya miaka kadhaa shamba limejisawazisha lenyewe ngazi kwa ngazi, udongo wake wenye rutuba ukiwa bado juu. Tuta la benchi, lile la kukata mlima kama ngazi kwa mkupuo mmoja, hufanya kinyume lisipochimbwa kwa uangalifu: hufukia udongo mzuri na kuleta juu ule wa chini usiootesha kitu.

Hilo ndilo lililotokea kwenye milima ya Uluguru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya benchi ili kuokoa udongo na mito inayoshuka Morogoro. Wataalamu hawakukosea kuona mmomonyoko, ulikuwepo. Lakini udongo ulikuwa mwembamba, mazao kwenye matuta yakawa haba, na kazi ya kuchimba ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango ukafa. Ukiwaambia wenyeji wako wapya kwamba kwenu pia waliwahi kuja washauri, na ilikuwaje, nadhani utasikilizwa kuliko ukifungua na picha za miradi iliyofaulu.

Na hekta 40 zako zinaangukia papo hapo. Zitachimbwa na nani, kwa malipo ya nani, na nani atazifukua zikijaa tope? Kazi ya matuta inayolipwa kwa mita huchimbwa upesi. Malipo yakikoma, mara nyingi ukarabati nao hukoma, na tuta lisilotunzwa ni hatari kuliko mteremko usio na tuta, kwa kuwa likipasuka mahali pamoja maji yaliyokusanyika hutoka yote hapo. Sisemi usilipe kamwe. Mtu mwenye njaa hawezi kuchimba bure kwa faida atakayoiona mwaka wa nne. Ninasema ujue, kabla ya jembe la kwanza, nani amekubali kulitunza na kwa nini limfae yeye.

Neno "kwa nini limfae" ndilo moyo wa usimamizi wa kidakio, na vitabu vya uhandisi hulipita haraka. Anayetakiwa kuacha kulisha mifugo mlimani si yule anayefaidi maji chini bondeni. Mfano ninaoupenda ni wa Sukhomajri, kijiji cha vilimani huko India. Ziwa la Sukhna, lililotengenezwa mwaka 1958 katika mji wa Chandigarh, lilikuwa linajaa tope. Wakafuatilia tope lile hadi kwenye vilima vya kijiji ambako mbuzi walikuwa wamemaliza kila kijani. Kuwaambia watu wapunguze mbuzi ili mji ubaki na ziwa zuri hakukuwa na maana yoyote kwao. Kilichobadili mambo ni mabwawa madogo ya udongo yaliyojengwa pale kijijini kuanzia mwaka 1976, maji yake yakapelekwa mashambani, na kila kaya ikapewa fungu sawa la maji, hata kaya isiyokuwa na shamba. Asiyekuwa na shamba akawa na kitu cha kuuza. Tangu hapo mbuzi akionekana kilimani, kila jirani alikuwa na sababu ya kumrudisha. Tope likijaza bwawa, fungu lake ndilo lililopungua. Hawakuhitaji uzio wala mlinzi. Angalia jinsi uamuzi mzito ulivyokuwa wa kugawa maji, na bwawa lenyewe lilivyokuwa la kawaida kabisa.

Lakini yale hayakufanyika kwa mwaka. Uwanda wa udongo wa vumbi wa China (Loess), ule mnaouona kwenye picha za "kabla na baada", ulikuwa na miradi miwili mikubwa ya mkopo wa Benki ya Dunia, wa kwanza ukaanza mwaka 1994 na wa pili ukamalizika mwaka 2005, chini ya serikali iliyoweza kuamuru mbuzi wafungwe mabandani. Wewe una miezi 12 na posho.

Kwa hiyo miezi 12 itumie hivi. Chagua kidakio kidogo kimoja, kile unachoweza kukizunguka kwa miguu kwa siku moja. Fika miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, uione ardhi ikiwa kavu, kisha uione siku inayolowa. Miezi ya mwanzo usijenge chochote. Tembea na watu wanaochota maji, maana wao ndio mita yako: atakayekuambia kwamba zamani ndoo ilijaa ukihesabu hadi thelathini na sasa foleni huanza usiku wa manane, huyo amekupa kipimo cha mtiririko bila kujua. Kisha mwonyeshe njia ya kukiandika. Dumu la lita 20 na saa ya simu vinatosha. Likijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Siku ileile ya wiki, saa ileile, mtu yuleyule, daftari moja linalokaa pale kijijini na nakala ofisini. Nimeona daftari la namna hiyo likimaliza ugomvi wa miaka kati ya vijiji viwili, kwa kuwa kila upande ulikuwa na mtu wake aliyeshika saa.

Kupima kontua nako kusihitaji chombo kitakachoondoka nawe. Miti miwili ya urefu sawa, kama mita mbili, funga juu, weka mtambuka (mti wa kukingama) katikati, ning'iniza timazi, hata jiwe kwenye uzi. Simamisha miguu kwenye vigingi viwili, weka alama uzi unapogusa mtambuka. Geuza, mguu wa kushoto uende kulia, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo palipo sawa. Wanafunzi wangu walikuwa wanalidharau fremu hili hadi siku chombo cha darubini kilipopotea katika gari la mtu, wakalitengeneza kwa nusu saa.

Ukifikia mwezi wa kumi na mbili una mwaka mzima wa vipimo vya kidakio kimoja, mitaro michache iliyopita kwenye msimu mmoja wa mvua na kuonyesha ilipokosewa, watu wawili au watatu wanaoweza kuendelea bila wewe, na maandishi ya nani anatunza nini, hiyo ni kazi nzuri sana. Ni ndogo kuliko hadidu zako. Mwaka wa tatu huenda ikawa kubwa kuliko zile hekta 40.

Lugha isikutishe kupita kiasi, ila usiipuuze. Anza na maneno ya kazi: mteremko, tope, mpaka, zamani, nani mwenye. Mkalimani asiwe mtoto wa kiongozi wala ofisa wa mradi; watu hawatasema mbele yake kwamba matuta ya mradi uliopita yalibomoka.

Sasa tupime njia zilizo mbele yako. Kwenda kama mkataba ulivyo, bila kuuliza, nisingekushauri. Utakuwa mtu wa kutafuta namba. Kwenda baada ya kurekebisha hadidu ndiko ninakokupendelea, kwa kuwa miaka yako tisa inatosha na vikao vya watumia maji ulivyokaa vina uzito kuliko shahada yako. Njia ya tatu, ambayo watu wachache huifikiria, ni safari fupi tatu za wiki tatu hadi sita: kiangazini, katikati ya mvua, na mwaka unaofuata. Kwa kazi ya ushauri wakati mwingine hiyo ni bora, kwani kati ya safari wenyeji hulazimika kufanya wenyewe. Ushauri wa mtandaoni nao unafaa kwa kusoma ramani na kukagua hesabu. Kwa kutambua kwamba korongo linakula shamba la mjane asiyealikwa kikaoni, haufai.

Wanaosema utapoteza mwaka hawajakosea kabisa. Posho ya kujitolea hulipia maisha ya kule na kwa kawaida haibaki cha kutuma nyumbani. Kama kuna watu wanakula kupitia mshahara wako, au mwajiri wako hatakupa likizo bila malipo kwa maandishi, au michango yako ya pensheni itakatika, hizo ni sababu halali za kukataa, na mtu asikufanye uone haya. Sababu ya pili ni ngumu zaidi kuisema. Waulize kwa nini nafasi hiyo haikujazwa na mtaalamu wa nchi ileile. Jibu linaweza kuwa jema kabisa. Linaweza pia kuwa kwamba mgeni wa kujitolea ni rahisi kuliko kumwajiri mhandisi wao aliye mtaani, na hapo inakubidi uchague. Kwao pia wewe si wa bure: gari, mkalimani, na muda wa mwenzako wa kazi ni gharama yao.

Kwa wengine mlioniandikia mkiuliza milango ilipo: Mpango wa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa (UNV), ulioundwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na wenye makao makuu Bonn, hupokea wataalamu wa mataifa mbalimbali. VSO, shirika la wajitoleaji lililoanzia Uingereza mwaka 1958, nalo huchukua watu wa nchi nyingi. Peace Corps, mpango wa wajitoleaji wa serikali ya Marekani, ni ya raia wa Marekani pekee, na wajitoleaji wa JICA, shirika la ushirikiano la Japani, ni raia wa Japani, kwa hiyo msipoteze muda huko kama si raia. UNV haitozi ada ya maombi. Anayekudai pesa ya fomu au "usajili" kwa jina lake ni tapeli.

Yapo mambo ambayo jibu langu halitoshi, na utahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Ukiombwa kusimamia bwawa la udongo lenye watu wanaoishi chini yake, hata liwe dogo, usisaini mchoro bila mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa katika nchi ile kusimama pale. Ukiona nyufa za mduara juu ya mteremko, miti iliyoinama kuelekea chini, au chemchemi mpya zinazotokea baada ya mvua, usichimbe mtaro wowote hadi mwanajiolojia afike. Mteremko unaoporomoka ukiuongezea maji yanayopenya unauharakisha, na mitaro yetu mizuri ndiyo itakayofanya hivyo. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, toka katikati na uwaachie wenye mamlaka ya ardhi. Kabla ya safari mwone daktari wa magonjwa ya wasafiri, na umwambie kwamba utashinda umesimama kwenye maji, kwa sababu kichocho na homa za maji machafu humpata mtu wa kazi yetu kabla ya mtalii. Na mkataba usomwe na mwanasheria anayejua kazi za nje: viza iwe ya kazi ya kujitolea wala si ya utalii, bima itaje kusafirishwa ukiugua, na iandikwe nani anawajibika ukuta ukianguka.

Waandikie wiki hii, barua fupi. Waambie unataka kuja, kisha uliza haya: mwenzangu wa kazi ni nani, na atabaki mwaka wa pili? Naweza kufika kabla ya mvua? Namba za matuta na miche zinaweza kuwa kidakio kimoja chenye vipimo vya mwaka mzima? Kipimamvua kilicho karibu kiko umbali gani, na nani hukisoma? Swali hilo la mwisho wakilijibu siku hiyohiyo, tena kwa jina la mtu, funga mizigo. Wakikujibu kwamba utaelezwa ukifika, subiri nafasi nyingine.